Kiranja Aliyekataa Kila Alasiri

"Hilo kontena lako litakuwa na madirisha mangapi?"

Mzee Kioko aliniuliza hivyo siku yangu ya kwanza kazini, kalamu mkononi. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya kompyuta, na hakuna mhadhiri aliyewahi kuniambia kwamba kontena lina madirisha, au halina. Nilidhani ni mtego wa usaili uliochelewa. Nikasema, "Inategemea." Ndilo jibu tunalofundishwa. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika, akaandika kitu, akaenda kumhudumia mteja wa misumari.

Ninawaandikia haya ninyi mnaorithi viti vyetu, kwa kuwa nimestaafu. Najua miaka thelathini na kidogo si umri wa kustaafu. Lakini katika fani hii, mtu aliyekaa mahali pamoja tangu atoke chuo huangaliwa kama reli ya zamani ya hapa Voi: kwa heshima, na bila kupandwa. Ninakwenda Bura kulima kabeji, ambazo hazihitaji toleo jipya kila Jumatatu. Vyeo nitaviruka, kwa kuwa tulikuwa watu watatu na kila mmoja alikuwa mkuu wa idara yake. Mshahara nao nitauruka, kama ulivyokuwa ukituruka wenyewe miezi mingine.

Hao watatu ni hawa. Mzee Kioko alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, na nyuma ya duka alikuwa amefungua kile alichokiita "upande wa kompyuta", baada ya tembo kumla shamba la shemeji yake. Kumla shamba ndivyo alivyosema mwenyewe, na baada ya kuliona shamba lile sikumsahihisha. Fundi Righa, mtu wa Werugha, alikuwa ametumikia simu na mitambo ya ishara ya reli kabla ya mitambo hiyo kuzeeka, naye akaja kwetu na bisibisi zake zote. Wa tatu nilikuwa mimi, Mghoi, ambaye Mzee Kioko alimwita "Wakili" kwa sababu ya maswali.

Kazi yetu ilikuwa hii. Kule Kishushe, mlinzi wa ranchi anayeitwa Mwakio akiona tembo wanashuka kuelekea njia ya watu, hutuma ujumbe mfupi wa simu: mahali na saa. TEMBO LAMBO 9. Maana yake tembo wako kwenye lambo la maji, saa tisa. Sisi tukiupata, tunawatumia onyo watu wote wa njia ile. Nilipofika, aliyekuwa akisoma ujumbe na kuusambaza kwa vidole vyake alikuwa Righa. Akienda chooni, Kishushe nzima ilikuwa bila ulinzi.

Mtu wa kwanza kujiandikisha alikuwa Mama Mkanyika. Shamba lake liko kando ya njia hiyo, na mjukuu wake, Wakesho, huipita kila alasiri akitoka shule. Nilipokwenda kumtembelea, alinipa muwa, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani, kisha akasema bila kubadilisha sauti:

"Mimi mahindi nimewaachia wao na Mungu. Mtoto sijamwachia mtu. Hiyo simu yako ikilia, mwalimu anamshika shuleni. Isipolia, anatoka. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mama."

"Basi isiwe ya kulia ikitaka."

Huo ndio mkataba wa kazi pekee ambao ninaukumbuka neno kwa neno.

Niliajiriwa ili mashine isome ujumbe badala ya Righa. Lakini programu ni kama mboga za jana: ukiongeza chumvi kidogo unaweza kuharibu sufuria nzima. Nilitaka kwanza tuwe na seva ya kupima. Kila mmoja wetu akibadilisha mstari mmoja wa programu, seva hiyo inaichukua yote, inaijenga upya, na kuipitisha katika majaribio. Ikifaulu, taa ya kijani kwenye skrini. Ikishindwa, nyekundu, na hakuna kinachotoka kwenda kwa watu. Tuliiita Kiranja, kwa sababu ilifanya kazi ya kiranja wa shule: kusimama mlangoni na kuripoti wenzake.

Na Kiranja, nilikuwa nimemwambia Mzee Kioko tangu kwenye usaili, atakaa ndani ya kontena.

Wiki yangu ya pili kazini lori liliingia nyuma ya duka na kontena la chuma, la rangi ya kutu, lile linalobebwa na meli na treni. Halikuwa na dirisha hata moja. Mzee Kioko alisimama kando yake kama bwana harusi.

"Ulisema inategemea," akaniambia. "Nimeacha madirisha kwanza. Tutakata tukijua."

Nilijaribu kueleza. Kontena la kompyuta si kitu cha kushikwa, nikasema. Ni programu iliyofungwa pamoja na kila inachohitaji, ili ukiibeba kwenda mashine yoyote ifanye kazi vilevile.

"Vizuri," akasema. "Na hili nalo linabebeka."

"Mzee, hilo la kwangu halina uzito."

"Basi litaingia ndani ya hili bila shida. Wakili, umesomea kukataa vitu?"

Hivyo ndivyo tulivyokuwa, kwa ninavyojua, watu pekee katika kaunti walioendesha kontena ndani ya kontena. Righa alivuta umeme, akafunga rafu, na juu ya rafu tukaweka kompyuta ya mezani pamoja na modemu ya kupokelea ujumbe.

Kuhusu kumsimika Kiranja nitasema mambo mawili, kwa kuwa mtayarudia makosa haya hata nikisema. La kwanza, kumbukumbu zake ziwekeni nje ya kontena, kwenye diski ya mashine yenyewe. Kontena hufutwa na kuundwa upya kama kibanda cha sherehe, na mara ya kwanza nilipoliunda upya, mipangilio yote ilikwenda nalo. Righa alitazama skrini tupu akasema, "Reli tulikuwa tunaita hiyo ajali." La pili, mkipakua programu ya watu wengine, tajeni nambari ya toleo mnalolitaka. Ukiomba tu "la karibuni", utapewa la karibuni, na asubuhi moja utagundua karibuni ni neno la ukarimu, si ahadi.

Righa alinifundisha mengi ambayo hayakuwa ya kompyuta. Alikuwa na sheria kwamba mtambo ukikataa, usiuguse mpaka uweze kusema kwa sentensi moja umekataa nini. Nilimuuliza kwa nini sentensi moja. Akasema kwa sababu kwenye simu ya reli mtu wa upande wa pili alikuwa anakata baada ya hiyo.

Kwa miezi michache Kiranja alifanya kazi vizuri. Kisha tukaandika sehemu ya saa, na ndipo kesi yetu ngumu ilipoanza.

Mtandao wa Kishushe ni wa kubahatisha, na ujumbe wa Mwakio wakati mwingine hufika ukiwa umechelewa sana. Hatukutaka kuwatisha watu kwa tembo ambao wameshapita, kwa hiyo mashine ilipaswa kuutupa ujumbe uliozeeka. Mwakio huandika saa kama mtu yeyote mwenye akili timamu, kwa Kiswahili. Akiandika 9, ni saa tisa. Lakini ni tisa ya alasiri au ya usiku? Tukaamua mashine itazame saa yake yenyewe, kisha ichague ile tisa iliyopita karibuni zaidi. Tukaandika na jaribio moja: chukua ujumbe wa saa tisa, uliza programu ni alasiri au usiku, kisha linganisha na jibu linalotokana na saa ya modemu, ambayo hupata wakati wake kutoka kwa mnara wa simu.

Asubuhi, kijani. Mchana, kijani. Ilipofika saa tisa alasiri, nyekundu. Ikabaki nyekundu mpaka tunafunga duka. Kesho yake asubuhi, kijani tena.

Mnajua jua la Voi saa tisa. Mnajua pia chuma. Ndani ya kontena lile ungeweza kukaanga mayai juu ya rafu, na mfanyakazi mmoja wa duka alijaribu. Righa akashika ukuta, akautoa mkono haraka, akatoa sentensi yake moja:

"Kiranja anaugua joto."

Hakuna aliyebisha, hata mimi kwa siku za kwanza. Tulilipaka kontena rangi nyeupe. Tulitandaza magunia ya mkonge juu ya paa na kuyamwagia maji. Mzee Kioko akaleta feni, akaifunga mwenyewe, na wateja wakaanza kuja kupunga upepo huko wakisubiri simiti yao. Saa tisa ikifika, nyekundu.

Kisha ikanyesha siku nzima. Watu walivaa sweta mjini Voi, jambo ambalo huwa wanaliwekea akiba. Saa tisa, nyekundu.

"Fundi," nikamwambia Righa, "leo joto liko wapi?"

"Chuma kinakumbuka."

"Kinakumbuka mpaka saa ngapi?"

"Mghoi, wewe ulisoma shule gani isiyo na jibu linalotosha?"

Aliyepata suluhisho alikuwa Mzee Kioko. Mama Mkanyika alikuwa ameanza kumpigia simu dukani. Righa alikuwa ameugua malaria siku kadhaa, hakuna aliyesambaza ujumbe vizuri, na siku moja Wakesho na wenzake walikutana na tembo dume njiani, wakalala kifudifudi kwenye mtaro mpaka akaondoka. Mashine ilitakiwa haraka. Na Mzee, ambaye aliwahi kufuga, aliona jambo wazi.

"Ng'ombe akikataa kukamwa alasiri, si unamkama asubuhi? Jumatatu asubuhi, kukiwa na baridi, Kiranja akitoa kijani, tunatuma. Mchana akiugua, ataugua akiwa ameshafanya kazi."

"Lakini mzee, kwa nini ni jaribio hilo moja tu linaloshindwa?" nikauliza. "Joto gani hilo linalochagua?"

"Malaria nayo haichagui? Imemwacha Wakili, imemshika Fundi."

"Na ikiwa si joto?"

"Wakati unauliza, mtoto wa watu yuko mtaroni."

Alikuwa na haki. Lakini hoja yake ilikuwa na umbo ambalo ningelitambua mahali popote: tulikuwa tumeweka kiranja mlangoni, na sasa tunapanga kupita akiwa amesinzia. Nikaomba jambo moja tu. Ijumaa, pikapu ya duka ilikuwa inapeleka simiti milimani. Wacha nimpeleke Kiranja Werugha, nikasema. Huko hakuna joto la kusingizia. Akitoa kijani alasiri akiwa kwenye ukungu, nitatuma toleo hilo Jumatatu kwa mkono wangu mwenyewe na sitauliza swali mpaka Krismasi.

"Mpaka Pasaka," akasema Mzee Kioko, akachukua ufunguo wa gari. Hakutaka kukosa.

Tuliondoka tukiwa tumebanana mbele, Kiranja magotini mwangu amefungwa kwa blanketi, na modemu mfukoni mwa Righa. Baada ya Mwatate gurudumu lilitoboka. Baada ya Wundanyi ukungu ulishuka mpaka taa zikawashwa. Nyumbani kwa Righa kulikuwa na baridi ya kushika meno, na ng'ombe wake alitutazama kama watu waliopotea njia. Tulimweka Kiranja kwenye meza ya sebuleni, kando ya dirisha lililo wazi, tukachomeka waya zote, tukapewa chai. Mzee Kioko, aliyekuja na shati la mikono mifupi, alikuwa amejifunika lile blanketi la Kiranja.

Tukabonyeza. Majaribio yakapita moja moja, kijani, kijani, kijani. Likaja la saa.

Nyekundu.

Nilishika kisanduku cha kompyuta. Kilikuwa baridi kama sufuria ya jana.

"Haya," Righa akasema polepole. "Chuma hakipo hapa."

Mzee Kioko akainama kwenye skrini, mahali Kiranja anapoandika kila anachofanya na wakati alipokifanya. "Hapa panasema ameshindwa saa ngapi? Kumi na mbili na nusu?"

"Ndiyo," akasema Righa.

"Jioni? Mbona kuna mwanga?"

"Hiyo ni ya Kizungu, mzee. Kumi na mbili na nusu ya Kizungu ni saa sita na nusu mchana."

"Saa sita na nusu?" Mzee Kioko akaweka kikombe chini. "Saa sita na nusu nilikuwa chini ya gari nikifungua nati!"

Nikatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tisa na nusu.

Saa ya Kiranja ilikuwa na makosa kwa lugha zote mbili. Na tulikuwa tumeitazama kwa miezi. Nimelifikiria sana jambo hilo, na sidhani lingetokea kwa watu wasiokuwa sisi. Mzungu akiona saa imeandika kumi na mbili wakati ni tatu, anasema saa imeharibika. Sisi tumelelewa na saa mbili kichwani. Ile ya redio na ile ya mama. Ile ya ratiba ya treni na ile ya watu wanaoingoja. Tukiona nambari isiyolingana na jua, hatushtuki. Tunaongeza au kutoa mpaka ikae sawa, kwa adabu, kama unavyomsaidia mgeni anayetamka jina lako vibaya. Kila mmoja wetu aliona saa ile na kudhani inasema lugha ya mwenzake.

Ukweli ulikuwa wa kuchosha. Kontena la kompyuta, usipoliambia liko nchi gani, hufuata saa ya Uingereza wakati wa baridi, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Kompyuta yetu ilikuwa inajua iko Voi, modemu ilijua, hata ng'ombe alijua. Kontena halikuwa na habari. Kwake, saa tisa na nusu ilikuwa saa sita na nusu. Ukilionyesha ujumbe wa saa tisa, linasema tisa ya leo alasiri haijafika, basi hii ni ya usiku uliopita. Ujumbe umezeeka. Tupa.

"Sasa inakataa alasiri tu kwa nini?" akauliza Mzee Kioko. Sikuamini masikio yangu. Alikuwa ameanza kuuliza kwa nini.

Nilichukua karatasi ya sukari nikapiga hesabu, na hapo ndipo baridi ya Werugha iliponiingia. Haikuwa inakataa alasiri tu. Jaribio letu lilikuwa na mfano mmoja, saa tisa, kwa hiyo lilikuwa na macho ya alasiri, na ya alfajiri wakati sisi tumelala. Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa saa zote. Mwakio akiandika saa nne asubuhi, kontena lingesema saa nne haijafika. Akiandika saa kumi, Wakesho akiwa njiani, haijafika. Kila onyo jipya lingeonekana ni la zamani, na lingetupwa kimya kimya, kuanzia Jumatatu, baada ya taa ya kijani.

"Tungejuaje?" Righa akauliza.

"Tusingejua," nikasema. Simu isiyolia inafanana sana na tembo wasiokuja.

Mzee Kioko alilivuta blanketi lake mpaka shingoni. Kisha akasema, "Tulimpaka rangi."

"Ndiyo, mzee."

"Tukamwagilia magunia."

"Ndiyo, mzee."

"Na yeye alikuwa anatuambia tu ni saa ngapi."

Dawa ilikuwa mstari mmoja: liambie kontena liko saa za Nairobi. Uandikeni kabla ya kuandika kitu kingine chochote. Kisha nikaandika majaribio ya kila saa ya mchana na ya usiku, na nikakataa kutuma Jumatatu asubuhi. Tulituma Jumatatu saa tisa na nusu alasiri, kontena la chuma likiwa limeiva kama jiko, sisi watatu tumesimama ndani yake tukitokwa na jasho. Kijani. Mzee Kioko akazima feni ili kuwa na uhakika.

Siku chache baadaye Mwakio aliandika TEMBO LAMBO 10. Muda si muda Mama Mkanyika alinipigia simu.

"Simu yenu imelia nikiwa na unga mikononi," akalalamika. "Imeharibika skrini yote."

"Pole, mama. Na Wakesho?"

"Yuko shule, mwalimu amewafungia. Anasema ana njaa. Wewe utamletea chakula?"

Ninaona hizo ndizo shukrani kamili nilizowahi kupewa kazini, na zilinitosha.

Mengine ni ya kawaida. Tulimhamishia Kiranja dukani, kwenye kivuli, kwa kuwa joto halikuwa kosa lake lakini pia halikumfaa. Righa akarudi Werugha kwa ng'ombe wake. Siku moja nilifika kazini nikakuta mahali pa kontena la chuma pana mstatili wa vumbi tu. Nikamuuliza Mzee Kioko amelipeleka wapi. Akasema, "Inategemea," akaendelea kupima misumari. Nilidhani ameliuza. Sikuuliza tena, mimi ambaye jina langu lilikuwa Wakili.

Juzi, nikifunga vitu vyangu, nilikwenda Kishushe kumuaga Mama Mkanyika. Wakesho siku hizi ni mrefu kuliko mimi. Alinisindikiza kwa njia ile ya shule, na katikati yake, pale ambapo zamani kulikuwa na mtaro tu, limesimama kontena jeupe, limeshindiliwa mawe kila upande, mlango wake umegeuzwa ufungwe kwa ndani. Alisema wakikutwa njiani na tembo huingia humo na kungoja. Alisema mzee mmoja wa duka la Voi alilileta, akawapanga watoto ukutani kwa urefu, akawauliza macho yao yanafika wapi, akachora kwa chaki, akakata.

Matundu aliyoyakata yana upana wa kiganja, mkonga haupiti. Madirisha ni mawili.